Maneno Matatu ya Kichina na Mhazini Wetu



Siku moja katika darasa letu la Kichina mjini Hangzhou, mwalimu alitupa zoezi la kueleza shaka. Tulikuwa wanafunzi sita tuzungumzao Kiswahili: watatu kutoka Tanzania, wawili Mombasa na mmoja Bujumbura. Sote tulikuwa tumekwishavuka hatua ya kuomba chai na kuuliza bei. Mwalimu wetu, mama wa makamo asiyependa kelele, aliandika ubaoni maneno ya shaka kwa daraja. La kwanza lilikuwa yexu, ambalo ni "labda" ya kila siku. La pili ban xin ban yi, yaani nusu kuamini nusu kushuku, nahau ambayo Mchina huitumia anapoletewa habari asiyojua aiweke wapi. La tatu akatuachia tulitafute wenyewe, tutunge nalo sentensi.

Mwenzetu mmoja wa Mombasa akafukua katika kamusi yake mo xu you. Akachukua maana ya neno moja moja, akaziunganisha, akapata "huenda ipo". Akasimama kwa furaha na kusema kwa Kichina safi: "Mwalimu, kesho nitawahi darasani, mo xu you." Mwalimu akacheka mpaka akaweka chaki chini. Alipomaliza kucheka akatuambia kwamba maneno hayo hayatumiki kwa habari za kuwahi wala kuchelewa. Maneno hayo, alisema, yana kaburi, na kaburi lenyewe limo humu humu mjini, kando ya Ziwa la Magharibi. Jumamosi iliyofuata alitupandisha basi akatupeleka.

Makala haya yanahusu maneno hayo matatu, mtu aliyeuawa kwayo, na pia jambo letu wenyewe ambalo hatukuwa na nia ya kulikumbuka siku ile.

Tuanze na maneno. Mo xu you hutamkwa takriban "mo shu yo". You ni "kuna" au "ipo". Xu ni "lazima", "haina budi". Mo ndiyo yenye utata. Katika Kichina cha kale ni neno la kukanusha, lakini katika mazungumzo ya zama za nasaba ya Song, kiasi cha miaka mia tisa iliyopita, lilitumika pia kutia shaka, kama sisi tusemavyo "huenda". Yakiwekwa pamoja, wataalamu wa Kichina hadi leo wanabishana. Wako wasemao maana yake ilikuwa "huenda lipo jambo". Wako wasemao lilikuwa swali la kejeli: "Kwani hakuna?" Kwa Mchina wa leo wa kawaida ubishi huo hauna kazi. Ukimtajia mo xu you ataelewa kitu kimoja tu: shitaka la kubuni, jambo ambalo halikuwapo na mtu akasingiziwa.

Na tusiwashangae Wachina kwa kuliingiza "lazima" ndani ya "huenda". Sisi tuna labda. Neno hilo tumelipata kutoka Kiarabu, la budda, na huko maana yake ni "hapana budi". Wenzetu mlioko Omani na nchi za Ghuba mnalisikia kila siku likiwa na maana yake ya asili. Ndugu yake wa tumbo moja ni budi, ile ya "sina budi". Ndugu mmoja alibaki na yakini yake, na mwingine alipofika pwani yetu akageuka kuwa shaka. Kwa hiyo Mswahili asemapo "labda ni yeye", chini ya ulimi wake limelala neno la kale lisemalo "lazima ni yeye". Katika basi la kwenda ziwani tulilichekea sana jambo hilo.

Sasa historia yenyewe.

Mwaka 1127 ulikuwa mwaka wa msiba mkubwa China. Nasaba ya Song, iliyoanza kutawala mwaka 960, ilinyang'anywa mji wake mkuu wa Kaifeng na Wajurchen, watu wa kaskazini-mashariki ambao walikuwa wameanzisha dola yao iitwayo Jin mwaka 1115. Wajurchen walimchukua mateka Mfalme Qinzong pamoja na baba yake, Huizong, ambaye alikuwa amemwachia kiti. Maelfu ya watu wa ukoo wa kifalme na wa ikulu wakaswagwa pamoja nao kwenda kaskazini. Mtoto mwingine wa Huizong hakuwamo mjini siku hiyo, akanusurika. Huyo alitawazwa mwaka huo huo, na historia inamjua kwa jina la Gaozong. Alikimbilia kusini, akawa mtu wa kuhamahama mpaka mwaka 1138 alipoufanya mji wa Lin'an kuwa makao yake. Lin'an ndio Hangzhou ya leo.

Katika miaka hiyo ya kukimbia ndipo lilipojitokeza jina la Yue Fei. Alizaliwa mwaka 1103 katika familia ya wakulima huko Tangyin, katika jimbo la Henan la leo. Aliingia jeshini akiwa kijana, akapanda vyeo kwa vitendo na si kwa ukoo. Mwaka 1134 alilikomboa eneo la Xiangyang. Jeshi lake watu waliliita Jeshi la Akina Yue, na sifa yake haikuwa ya ushindi peke yake. Askari wake walikatazwa kabisa kuwapora wanakijiji, na katika vita vya zama zile jambo hilo lilikuwa adimu kiasi cha kufanya watu wasimulie mpaka leo. Mwaka 1140 aliwapiga Wajurchen huko Yancheng, akawa anasogea kuelekea Kaifeng.

Hapo ndipo ilipomfikia amri ya kurudi nyuma. Masimulizi yanasema ikulu ilimpelekea vibao kumi na viwili vya amri ya dharura katika siku moja. Wanahistoria wanaitilia shaka idadi hiyo, lakini kwamba aliamriwa kurudi na akarudi, hilo halina ubishi. Ardhi aliyokuwa ameikomboa ikaangukia tena mikononi mwa adui.

Mtu atauliza, kwa nini mfalme amzuie jemadari wake anayeshinda? Wanahistoria wengi hutaja sababu mbili. Ya kwanza ni hofu ya majemadari. Mwasisi wa nasaba ya Song alikuwa mwenyewe jemadari aliyetwaa kiti kutoka kwa mfalme mtoto, kwa hiyo ukoo ule ulijua vizuri jeshi linalompenda kiongozi wake linaweza kufanya nini. Ya pili ni nyeti zaidi. Baba alikwishakufa utumwani mwaka 1135, lakini Qinzong, kaka wa Gaozong, alikuwa hai. Kama Yue Fei angefika kaskazini na mfalme halali akarudi, Gaozong angekaa wapi? Gaozong alitaka amani, na mtu aliyemtafutia amani hiyo alikuwa waziri wake mkuu, Qin Hui.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1141 majemadari watatu wakubwa, Yue Fei, Han Shizhong na Zhang Jun, waliitwa mji mkuu, wakapewa vyeo vikubwa vya ofisini na kunyang'anywa majeshi yao. Mwishoni mwa mwaka huo mkataba ukafikiwa. Mto Huai ukawa mpaka, mfalme wa Song akakubali kuwa chini ya mfalme wa Jin, na kila mwaka Song ikawa inatoa wakia 250,000 za fedha na majora 250,000 ya hariri.

Wakati mkataba huo ukizungumzwa, Yue Fei alikuwa gerezani.

Kesi ilianzia kwa ofisa mmoja wa jeshi lake la zamani, aitwaye Wang Jun, ambaye alimshitaki mkubwa wake Zhang Xian kwamba anapanga uasi ili Yue Fei arudishiwe jeshi. Ikadaiwa kuwa Yue Yun, mtoto wa Yue Fei, alimwandikia Zhang Xian barua ya kumchochea. Barua hiyo iko wapi? Imechomwa moto. Nani aliyeisoma? Hakuna aliyejitokeza kusema ameisoma. Mtu wa kwanza aliyepewa kazi ya uchunguzi, He Zhu, alimhoji Yue Fei, naye Yue Fei akavua nguo akamwonyesha mgongo. Ulikuwa umechanjwa maandishi ya herufi nne, yenye maana ya kuitumikia nchi kwa utii wote. He Zhu akachunguza, akaona hakuna kesi, akaenda kumwambia Qin Hui hivyo. Qin Hui hakufurahi. Alimjibu kwamba hayo ndiyo matakwa ya mfalme. He Zhu akaondolewa, na mahali pake akawekwa Moqi Xie, ambaye hakuwa na macho ya kusoma mgongo wa mtu.

Wapo waliothubutu kusema. Maofisa wa mahakama waliopinga hukumu walifukuzwa kazi. Mtu mmoja wa ukoo wa kifalme alijitolea kumdhamini Yue Fei kwa roho za jamaa yake nzima, akaishia kuhamishwa mbali. Raia mmoja wa kawaida, asiye na cheo chochote, aliandika barua ya kumtetea. Alitiwa ndani na akafa humo.

Na yupo Han Shizhong. Huyu alikuwa jemadari kama Yue Fei, na jeshi lake lilikwishachukuliwa. Alimwendea Qin Hui akamuuliza ushahidi uko wapi. Qin Hui akamjibu kwamba ile barua ya mtoto wa Yue Fei kwa Zhang Xian, ingawa haijabainika vizuri, jambo lenyewe mo xu you. Han akaghadhibika, akamuuliza maneno matatu kama hayo yatawezaje kuuridhisha ulimwengu. Mazungumzo hayo yamehifadhiwa katika Historia ya Song, iliyokamilishwa mwaka 1345. Han Shizhong hakupata jibu. Alistaafu, akawa anaonekana kando ya Ziwa la Magharibi akitembea juu ya punda, na habari za vita hakutaka tena kuzizungumza.

Mwezi Januari mwaka 1142, mwaka wa Kichina ukiwa umebakisha siku moja au mbili kwisha, Yue Fei aliuawa gerezani. Alikuwa na umri wa miaka 38. Yue Yun na Zhang Xian walichinjwa hadharani. Mali ya familia ikatwaliwa, na mjane na watoto waliobaki wakapelekwa uhamishoni kusini.

Ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na barua wala shahidi aliyeiona. Palikuwa na maneno matatu yaliyosemwa na mtu mwenye mamlaka, akijua kwamba asiyeridhika nayo hana la kufanya.

Qin Hui aliendelea na uwaziri wake, akafa mwaka 1155 na heshima zake zote. Mwaka 1162 Gaozong alimwachia kiti mwanawe wa kulea, Xiaozong, na mfalme mpya hakukawia kumsafisha Yue Fei jina. Mwili wake ukafukuliwa pale ulipokuwa umefichwa, ukazikwa kwa heshima chini ya kilima karibu na ziwa. Ilikuwa imepita miaka ishirini. Mwaka 1204 alipewa hata cheo cha mwana wa mfalme. Cheo hicho alipewa marehemu. Jeshi lake lilikuwa limekwishavunjwa, na Kaifeng ilikuwa bado mikononi mwa Wajurchen.

Tulipofika kaburini Jumamosi ile tulikuta foleni. Kaburi lenyewe ni kichuguu kikubwa cha duara kilichozungushiwa mawe, na ubavuni pake kipo kidogo cha mwanawe. Mbele yake, ndani ya uzio wa chuma, zimepiga magoti sanamu nne, mikono imefungwa nyuma, vifua wazi: Qin Hui, mkewe Bibi Wang, Moqi Xie na yule jemadari Zhang Jun, aliyeungana na waziri kumwangamiza mwenzake. Sanamu za kwanza za aina hiyo ziliwekwa zama za Ming na zimeshavunjwa na kusubiwa upya mara nyingi, kwa sababu kwa mamia ya miaka watu walizipiga na kuzitemea mate. Eneo lote liliharibiwa katika Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza mwaka 1966, likajengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1970. Siku hizi wageni wamekatazwa kutema mate.

Adhabu haikuishia hapo. Kuna kitafunio ambacho Wachina hukila asubuhi kwa uji au maziwa ya soya, vijiti viwili virefu vya unga vilivyoshikana na kukaangwa katika mafuta, mithili ya mandazi yaliyonyooshwa. Masimulizi ya hapa Hangzhou yanasema kwamba vijiti hivyo ni Qin Hui na mkewe, na kwamba mwokaji aliyevibuni alitaka watu wamkaange na kumtafuna waziri kila siku wamwombapo Mungu riziki. Tulivila tulipotoka. Ni vitamu, hatutasema uongo.

Na neno nalo likabadilika. Qin Hui alilitoa kama shaka inayoelekea kwenye "ndiyo". Watu wakalipokea, wakalishikilia kwa miaka mia tisa, wakalirudisha likiwa na maana ya "uongo mtupu". Ni mara chache tumeona umma ukimnyang'anya mkubwa neno lake namna hiyo.

Hapo ndipo tungeweza kuishia, tukapanda basi tukarudi. Lakini mwenzetu wa Bujumbura alikuwa amesimama kimya mbele ya uzio, akihesabu. Akamuuliza mwalimu: "Sanamu ni nne. Mfalme yuko wapi?"

Mwalimu alitabasamu kidogo. Akasema swali hilo Wachina wenyewe wameliuliza kwa muda mrefu. He Zhu aliambiwa ni matakwa ya mfalme, na hukumu ya kifo kwa mtu wa cheo kile isingepita bila Gaozong. Wanahistoria wengi wa leo wanaona kwamba mwenye uamuzi alikuwa yeye, na waziri alikuwa mkono wake. Lakini mfalme hana sanamu iliyopiga magoti.

Kisha akatuongezea jambo ambalo hatukulitarajia. Qin Hui mwenyewe, alisema, aliishi chini ya kivuli cha shaka. Alichukuliwa mateka kaskazini mwaka 1127, na mwaka 1130 akatokea kusini pamoja na mkewe, akieleza kwamba aliwaua walinzi akatoroka kwa mashua. Maofisa wengi wa ikulu hawakuamini. Mtu mmoja anaweza kutoroka, lakini mtu na mkewe na watumishi, safari ndefu kiasi kile? Kutoka hapo ikazuka kauli kwamba alirudishwa makusudi na Wajurchen awe jasusi wao, na kauli hiyo imeandikwa na kuandikwa tena mpaka watoto wanaijua. Hata hivyo, hakuna hati iliyoithibitisha. Ushahidi wake ni kwamba huenda. Mwalimu akasema: "Mnaona? Hata yeye tunamhukumu kwa maneno yake mwenyewe."

Na maandishi tuliyo nayo hayatusaidii kama tungependa. Qin Xi, mtoto wa kulea wa Qin Hui, ndiye aliyesimamia uandishi wa kumbukumbu za serikali wakati baba yake akiwa madarakani. Kwa upande wa pili, sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu ushujaa wa Yue Fei imepitia mikononi mwa mjukuu wake, Yue Ke, aliyetumia miaka mingi kukusanya maandishi ya kumtetea babu. Mmoja alikuwa na sababu ya kufuta, na mwingine alikuwa na sababu ya kupamba. Hayo hayamfanyi Qin Hui kuwa mwema. Kwamba aliisukuma kesi isiyo na ushahidi mpaka watu watatu wakafa, hilo limeandikwa na halina "huenda" ndani yake. Lakini jambo lililothibitika likae mahali pake, na lisilothibitika likae pake.

Basi lilipokuwa linarudi hakuna aliyecheka tena habari za labda. Sote sita tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja, na kila mmoja alijua kwamba wenzake wanamfikiria huyo huyo.

Sisi Waswahili tuishio Hangzhou na Yiwu, mji wa biashara ulio katika jimbo hili hili la Zhejiang, tuna chama chetu kidogo cha kusaidiana. Wanafunzi wanachanga kidogo, wafanyabiashara wanachanga zaidi, na fedha zinatumika mtu akiugua, akifiwa, au Mungu apishe mbali, akifa ugenini na mwili ukahitaji kurudishwa nyumbani. Miaka minne kabla ya safari yetu ya kaburini, mwenzetu mmoja aliaga dunia. Tulichanga, mwili ukasafirishwa, na kiasi kilichobaki tukaamua kimfikie mjane. Mhazini wetu akakipeleka benki. Wiki mbili zikapita, mjane hajapata kitu. Ikapita ya tatu.

Hapo maneno yakaanza. Hakuna aliyesema mhazini kaiba. Sisi ni watu wa adabu, hatusemi hivyo. Tulisema huenda. Huenda alikuwa na shida zake. Huenda alikopa akitumaini kurudisha. Mmoja alikumbuka kuwa mhazini amenunua simu mpya, na mwingine akasema dalili ya mvua ni mawingu. Alipotuonyesha stakabadhi ya benki, mtu mmoja alisema, tena kwa sauti ya upole, kwamba siku hizi stakabadhi zinatengenezwa. Mzee mmoja alijaribu kutuzuia akaambiwa, mzee wetu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kikao kile kiliisha bila uamuzi wowote. Hatukumhukumu mhazini. Kesho yake alileta daftari, fedha taslimu zilizobaki na ufunguo wa kabati, akaviweka mezani, na tangu siku ile hakuhudhuria tena. Tulipokutana naye sokoni alitusalimu na kupita.

Wiki ya sita fedha zilifika. Jina la mjane katika fomu lilikuwa limepishana kwa herufi moja na lile la kitambulisho chake, na benki ya huko ilizizuia mpaka lirekebishwe. Habari hiyo ilisomwa kikaoni, watu wakasema alhamdulillahi, tukaendelea na ajenda iliyofuata. Daftari la kumbukumbu lipo, tumelitazama. Limeandikwa kwamba fedha zimefika. Habari za mhazini hazimo.

Hatujilinganishi na ikulu ya Song. Hakuna aliyekufa, na kati yetu hapakuwa na mfalme aliyekuwa akiogopea kiti chake. Tuseme tu kwamba lile la benki lilikuwa na dawa, herufi moja ikarekebishwa likaisha. Letu sisi lilikaa miaka minne kwa sababu hatukuwa tumesema kitu cha kukanusha. Mtu akisema "fulani kaiba", anaweza kudaiwa ushahidi, na akishindwa ataomba radhi. Aliyesema "huenda" hadaiwi kitu. Ndiyo maana lile swali la Han Shizhong halikupata jibu.

Wahenga wetu wametuachia methali zote mbili. Lisemwalo lipo, ndiyo ile tuliyoitumia siku ile. Lakini walisema pia, umdhaniaye ndiye, siye. Methali hii ya pili kila mmoja wetu aliijua tangu utotoni, na katika chumba kile chenye watu zaidi ya ishirini hakuna aliyeitamka.

Wiki moja baada ya kutoka kaburini tulikiomba chama kikao. Tulipendekeza mambo mawili na yote yalipita. La kwanza, iandikwe katika daftari, kwa tarehe na kwa wino, kwamba mhazini wa mwaka ule alitimiza kazi yake kwa uaminifu, na kwamba wanachama walimshuku bila ushahidi. La pili, mwanachama mwenye tuhuma aje na karatasi au shahidi, na kama hana, ajenda isifunguliwe. Wazee walipotuuliza sababu ya kufufua jambo la zamani tuliwasimulia habari za Yue Fei. Mmoja wao, yule yule aliyenyamazishwa miaka minne nyuma, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na huyo mhazini, kuna aliyekwenda kwake?"

Hakuna aliyekuwa amekwenda. Tulikwenda watatu Jumapili iliyofuata, tukamchukulia nakala ya ukurasa ule wa daftari. Alitukaribisha chai. Alisoma ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni, akasema, "Nimepokea." Hakurudi chamani, na hatukumshurutisha. Makala haya tumempa ayasome kabla ya kuyaleta kwa mhariri. Ameridhia yachapishwe, kwa sharti moja kwamba jina lake lisitajwe, naye akatuongezea marekebisho moja: simu ile haikuwa mpya.